Uvunjaji wa mafuta baharini kwa vijidudu

Uvunjaji wa mafuta baharini kwa vijidudu ni mchakato wa kiasili ambamo bakteria, kuvu na viumbehai wengine wadogo wasioonekana kwa macho hutumia mafuta ghafi, au bidhaa zitokanazo nayo, kama chakula. Mwishoni sehemu kubwa ya mafuta hugeuka kuwa kaboni dioksidi, maji na miili ya vijidudu vyenyewe.

Mchakato huu ni sababu mojawapo kuu ya bahari kutofunikwa na mafuta, ingawa kila mwaka mafuta mengi huingia humo kutoka nyufa za asili, meli, bandari na mito. Hata hivyo kasi yake si sawa kila mahali. Hutegemea oksijeni, virutubisho, joto, aina ya mafuta na jinsi yalivyotawanyika. Mafuta yanayoweza kupungua kwa kiasi kikubwa ndani ya wiki chache katika maji ya wazi yanaweza kukaa miaka mingi yakizama katika matope ya mikoko. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa pwani ya Afrika Mashariki, ambako bandari za mafuta ziko karibu na misitu ya mikoko, matumbawe na maeneo ya wavuvi.

## Muundo wa mafuta ghafi

Mafuta ghafi si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa maelfu ya kemikali. Nyingi kati yake ni hidrokaboni, yaani molekuli zilizojengwa kwa atomi za kaboni na hidrojeni pekee. Kwa kawaida hupangwa katika makundi manne:

* Alkani, ambazo kaboni zake zimeungana kama mnyororo, ulionyooka au wenye matawi. Nta ya mishumaa ni mfano wa alkani ndefu.
* Hidrokaboni za pete zisizo aromatiki, ambazo mnyororo wake umejifunga kuwa duara.
* Hidrokaboni aromatiki, zenye pete moja au zaidi za aina ya benzini. Baadhi yake ni sumu kwa samaki na binadamu, na chache zinajulikana kusababisha saratani.
* Resini na asfalteni, molekuli kubwa na nzito zenye pia salfa, nitrojeni na oksijeni. Lami ya barabarani ina asfalteni nyingi.

Vijidudu huanza na vile vilivyo rahisi. Alkani zilizonyooka huliwa kwanza, zikifuatwa na zenye matawi, kisha aromatiki ndogo, halafu aromatiki zenye pete nyingi. Asfalteni huguswa kidogo sana. Ndiyo maana mafuta yaliyokaa muda mrefu ufukweni hubaki kama mabonge meusi ya lami: vijidudu vimekwisha kula sehemu laini na kuacha ile ngumu.

## Asili ya vijidudu hivyo

Uwezo wa kula mafuta haukuanza na meli za mafuta. Kwa mamilioni ya miaka mafuta yamekuwa yakivuja yenyewe kupitia nyufa za miamba, chini ya bahari na nchi kavu. Makadirio yaliyotolewa Marekani mwaka 2003 yalionyesha kwamba uvujaji huo wa asili huingiza baharini takriban tani 600,000 kwa mwaka, karibu nusu ya mafuta yote yanayoingia humo.

Afrika Mashariki ina mifano kadhaa. Katika kisiwa cha Pemba mafuta huchuruzika ardhini mahali paitwapo Tundaua. Huko Wingayongo, katika bonde la Rufiji, kuna miamba ya mchanga iliyoloa lami. Nchini Uganda dalili za mafuta kando ya Ziwa Albert, pamoja na zile za Kibiro, ziliandikwa na mwanajiolojia E. J. Wayland katika miaka ya 1920, muda mrefu kabla ya visima vya kibiashara kuchimbwa. Katika Ziwa Tanganyika mafuta huonekana juu ya maji karibu na Rasi Kalamba, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Chanzo kingine ni viumbe hai wenyewe. Bakteria wadogo wa bahari wanaotumia mwanga wa jua, kama vile *Prochlorococcus* na *Synechococcus*, hutengeneza alkani ndani ya seli zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba jumla yake duniani ni mamia ya mamilioni ya tani kwa mwaka, kiasi kinachopita mbali umwagikaji wote wa meli. Kwa sababu chakula hicho kipo daima kwa kiwango kidogo, bakteria wa kula hidrokaboni hupatikana karibu katika kila bahari hata pasipo ajali yoyote. Katika maji safi huwa wachache sana, mara nyingi chini ya asilimia 1 ya bakteria wote. Mafuta yanapomwagika huzaliana haraka na kuwazidi wengine.

## Vijidudu vinavyohusika

Mamia ya spishi za bakteria, kuvu na hamira zinaweza kuvunja aina fulani ya hidrokaboni. Baadhi hula mafuta pamoja na vyakula vingine. Wengine wamebobea kiasi kwamba karibu hawali kitu kingine. Wanaofahamika zaidi baharini ni hawa:

* *Alcanivorax borkumensis*, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1998 kutokana na sampuli za Bahari ya Kaskazini karibu na kisiwa cha Borkum, Ujerumani. Jina lake maana yake ni "mlaji wa alkani". Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2006.
* *Cycloclasticus*, "mvunja pete", aliyeelezwa mwaka 1995. Hushughulikia hidrokaboni aromatiki.
* *Marinobacter hydrocarbonoclasticus*, aliyeelezwa mwaka 1992 kutoka Bahari ya Mediteranea.
* *Thalassolituus oleivorans*, aliyeelezwa mwaka 2004, naye hupendelea alkani.
* *Oleispira antarctica*, aliyeelezwa mwaka 2003 kutoka maji ya Antaktiki, anayeweza kufanya kazi katika baridi kali.

Hakuna spishi moja inayoweza kumaliza mafuta yote peke yake. Mmoja hukata minyororo, mwingine hufungua pete, na wa tatu hula mabaki ya kazi ya wenzake. Baada ya umwagikaji vikundi hivi hupokezana: walaji wa alkani huja mapema, walaji wa aromatiki hufuata. Protozoa hula bakteria hao, na virusi huwashambulia, hivyo kaboni iliyokuwa mafuta huingia taratibu katika mlolongo wa chakula wa bahari.

## Hatua za uvunjaji

### Kabla ya vijidudu

Mafuta yakimwagika, mabadiliko ya kwanza si ya kibiolojia. Huenea juu ya maji kama utando mwembamba na sehemu nyepesi hupanda hewani kama mvuke. Mafuta ghafi mepesi yanaweza kupoteza hadi robo tatu ya ujazo wake katika siku chache za mwanzo, ya wastani hadi asilimia 40, na mafuta mazito ya mashine za meli asilimia 10 au pungufu. Mwanga wa jua hubadilisha baadhi ya molekuli. Mawimbi huvunja utando kuwa matone, au huchanganya maji ndani ya mafuta na kuyafanya rojo zito la rangi ya kahawia ambalo vijidudu hupenya kwa shida.

### Kulifikia tone

Mafuta na maji havichanganyiki, na bakteria huishi ndani ya maji. Kazi hufanyika mahali viwili hivyo vinapokutana, yaani kwenye uso wa tone. Bakteria wengi hujibandika hapo na kujenga utando wao juu yake. Wengine, akiwemo *Alcanivorax*, hutoa kemikali zinazofanya kazi kama sabuni: hupunguza mvutano kati ya mafuta na maji na kuyagawa mafuta kuwa chembe ndogo zaidi.

Ukubwa wa tone una maana kubwa. Tone moja lenye kipenyo cha milimita 1 likigawanywa kuwa matone ya milimita 0.01, hupatikana matone milioni moja, na jumla ya uso wake huongezeka mara 100. Kiasi cha mafuta ni kilekile, lakini nafasi ya kulia imekuwa kubwa mara mia.

### Ndani ya seli

Katika maji yenye oksijeni, hatua ya kwanza ni kuingiza atomi ya oksijeni katika hidrokaboni. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya maalumu. Alkani iliyonyooka hugeuzwa mwishoni mwa mnyororo wake kuwa aina ya alkoholi, kisha aldehidi, kisha asidi ya mafuta. Asidi ya mafuta ni ya jamii ileile inayopatikana katika mafuta ya kupikia, na karibu kila kiumbe kina njia ya kuitumia. Seli huikata kaboni mbili kwa wakati mmoja: mnyororo wa kaboni 16 hutoa vipande 8. Vipande hivyo huchomwa ili kupata nishati, au hutumika kujenga seli mpya.

Hidrokaboni aromatiki ni ngumu zaidi kwa kuwa pete yake ni imara. Bakteria huingiza atomi mbili za oksijeni ili kuidhoofisha, kisha huipasua. Pete ikishafunguka, mabaki yake hufuata njia za kawaida za chakula cha seli.

### Pasipo oksijeni

Katika matope na mashapo ya chini, bakteria wengine hutumia nitrati, chuma au salfati badala ya oksijeni. Wanaotumia salfati ndio wengi baharini, na kazi yao hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo mtu huinusa akikanyaga matope ya mikoko. Njia hii huvunja mafuta kweli, lakini kwa kawaida ni ya polepole mno ikilinganishwa na ile ya oksijeni.

## Mambo yanayoamua kasi

Oksijeni. Lita moja ya mafuta ghafi huwa na uzito wa gramu 850 hivi, na kuichoma yote kibiolojia kunahitaji takriban kilo 3 za oksijeni. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto hubeba oksijeni ya miligramu 6 hadi 7 tu. Kwa hiyo lita moja ya mafuta inahitaji oksijeni yote iliyomo katika lita zipatazo 400,000 za maji. Bahari ya wazi, inayotikiswa na upepo wa kusi au kaskazi, hupata oksijeni mpya kila wakati. Matope hayapati.

Nitrojeni na fosforasi. Mafuta yana kaboni tele lakini karibu hayana virutubisho hivyo viwili, ambavyo kila seli huvihitaji ili ijenge protini na DNA. Mkulima wa mahindi wa Njombe anajua kwamba shamba lenye jua na mvua ya kutosha bado hutoa mahindi ya njano likikosa nitrojeni. Bakteria waliozungukwa na mafuta hukwama vivyo hivyo. Katika kupanga usafishaji wataalamu hutumia mara nyingi uwiano wa kaboni 100 kwa nitrojeni 10 kwa fosforasi 1.

Joto. Maji ya pwani ya Tanzania na Kenya huwa na nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na joto hilo huharakisha kazi ya vimeng'enya na uvukizaji wa mafuta mepesi. Baridi hupunguza kasi lakini haiizuii kabisa, kama bakteria wa Antaktiki wanavyoonyesha.

Aina ya mafuta. Dizeli huisha haraka kuliko mafuta mazito ya meli. Mafuta yenye nta nyingi yanaweza kuganda kuwa mabonge, na bonge lina uso mdogo kwa ujazo wake.

Historia ya mahali. Maji ambayo yamekuwa yakipata mafuta kidogo kidogo, kwa mfano karibu na bandari au uvujaji wa asili, huwa na bakteria wengi walio tayari.

## Tatizo la mikoko

Mikoko hukua kati ya maji kupwa na maji kujaa, katika matope laini ambamo oksijeni huisha milimita chache chini ya uso. Miti imezoea hali hiyo kwa kupitisha hewa kwenye mizizi ya kupumulia. Mchu hutoa mizizi inayochomoza kama vijiti, na mkoko husimama juu ya mizizi iliyojikunja kama miguu. Mafuta yakiganda juu ya mizizi hiyo huziba vitundu vya hewa na mti hukosa pumzi.

Kila maji yanapojaa huingiza mafuta ndani zaidi, na yanapokupwa huyaacha chini. Kaa nao huchimba mashimo yanayoyapeleka sentimita nyingi ardhini. Huko bakteria wanaotumia oksijeni hawawezi kufanya kazi, mawimbi hayafiki, na mwanga wa jua haupo. Mti ukifa mizizi huoza, matope hulegea, na mafuta yaliyofichika huanza kuchuruzika tena kila maji yanapokupwa. Kwa njia hiyo umwagikaji mmoja hugeuka kuwa uchafuzi wa miaka.

Baada ya tangi kubwa kupasuka mwaka 1986 huko Bahía Las Minas, Panama, watafiti walikuta mafuta yenye sumu bado yamo katika matope ya mikoko miaka mitano baadaye, na wakakadiria kwamba yangeweza kudumu miaka 20 au zaidi. Katika kinamasi cha West Falmouth, Marekani, mabaki ya mafuta yaliyomwagika mwaka 1969 yalipatikana ardhini zaidi ya miaka 30 baadaye, sentimita chache chini ya udongo ulioonekana safi.

## Matukio

### Mombasa

Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka mjini Mombasa na takriban tani 5,000 ziliingia katika hori ya Makupa. Mikoko mingi ilikufa, na sehemu fulani zilibaki bila miti kwa miaka mingi. Hori hiyo ilikuwa na shida nyingine pia: tuta la barabara na reli lilizuia maji kupita kwa uhuru kati ya pande zake mbili, na jaa la Kibarani lilikuwa kando yake. Maji yasiyopishana hayaleti oksijeni mpya, hivyo vijidudu vilikuwa na kazi kubwa mahali pasipofaa.

Mwaka 2005 meli ya mafuta *Ratna Shalini* ilimwaga mafuta karibu na gati la Kipevu. Upepo na maji viliyapeleka kwenye mikoko ya hori ya Port Reitz, ambako wavuvi wadogo na wakusanyaji wa kaa na chaza hupata riziki yao.

### Morisi

Tarehe 25 Julai 2020 meli ya mizigo *Wakashio* ilikwama kwenye miamba ya matumbawe huko Pointe d'Esny, kusini mashariki mwa Morisi. Tarehe 6 Agosti ilianza kuvuja, na takriban tani 1,000 za mafuta ya mashine ziliingia baharini kabla haijakatika vipande viwili. Wananchi walishona vizuizi vya majani ya miwa na kuvitandaza majini ili kuyazuia mafuta yasifike kwenye mikoko na kinamasi. Mafuta yaliyozuiwa juu ya maji yanaweza kuzolewa, bali yaliyoingia matopeni huachiwa vijidudu na muda.

### Ghuba ya Uajemi

Wakati wa vita vya mwaka 1991 mamilioni ya mapipa ya mafuta yalimwagwa katika Ghuba, na pwani ya Saudia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 700 ilichafuliwa. Muda mfupi baadaye mazulia ya bakteria wa rangi ya kijani na buluu yalianza kuota juu ya mafuta, na ndani yake watafiti walikuta bakteria wa kula hidrokaboni. Jambo hilo lilileta matumaini kwamba pwani ingejisafisha yenyewe. Miaka iliyofuata ilionyesha picha iliyochanganyika: katika mabwawa ya chumvi mazulia yaliyokauka yalifunika udongo kama kifuniko, na mafuta yaliyojaa mashimo ya kaa yalibaki bila oksijeni. Baadaye mifereji ya maji ilichimbwa upya ili bahari iweze kuingia na kutoka.

### Alaska na Ghuba ya Meksiko

Meli *Exxon Valdez* ilipogonga mwamba huko Alaska tarehe 24 Machi 1989, ilimwaga lita zipatazo milioni 41. Fukwe zilinyunyiziwa mbolea yenye nitrojeni na fosforasi, na uvunjaji wa mafuta uliharakishwa katika sehemu nyingi. Hata hivyo mifuko ya mafuta iliendelea kupatikana chini ya mawe zaidi ya miaka kumi baadaye.

Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa *Deepwater Horizon* ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko na kuua wafanyakazi 11. Kisima kilicho mita 1,500 chini ya maji kilivuja hadi tarehe 15 Julai. Wingu la matone madogo lilielea kwenye kina cha mita 1,000 hivi, katika baridi ya nyuzi 5 za Selsiasi. Watafiti walikuta kwamba bakteria wa oda ya Oceanospirillales walikuwa zaidi ya asilimia 90 ya bakteria waliotambuliwa humo, na kwamba alkani zilikuwa zikipungua haraka. Baada ya muda aina hiyo ilipungua na nafasi yake kuchukuliwa na wengine, akiwemo *Cycloclasticus*. Pamoja na hayo, sehemu ya mafuta ilishikamana na mabaki ya planktoni na kuzama hadi sakafu ya bahari, ambako uvunjaji ni wa polepole zaidi.

## Historia ya utafiti

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mholanzi N. L. Söhngen alionyesha kwamba bakteria wanaweza kuishi kwa kutumia hidrokaboni. Mwaka 1946 Claude ZoBell, mwanabiolojia wa bahari wa Marekani, alikusanya maarifa ya wakati wake na kuorodhesha karibu spishi 100 za bakteria, hamira na kuvu zenye uwezo huo.

Mwanasayansi mzaliwa wa Uhindi Ananda Chakrabarty alitengeneza bakteria wa *Pseudomonas* mwenye uwezo wa kuvunja aina kadhaa za hidrokaboni kwa pamoja. Ombi lake la hataza lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo tarehe 16 Juni 1980 iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kiumbe hai kilichotengenezwa na binadamu kinaweza kupewa hataza. Bakteria huyo hakuwahi kutumika kusafisha bahari, lakini hukumu hiyo ilifungua njia kwa tasnia ya bioteknolojia.

## Matumizi katika usafishaji

Binadamu hujaribu kuvisaidia vijidudu kwa njia tatu kuu:

1. Kuongeza virutubisho. Njia hii hufaa zaidi kwenye fukwe zenye kokoto au mchanga na hewa ya kutosha. Katika maji ya wazi mbolea huchukuliwa na mkondo. Ikizidi, huweza kuchochea ukuaji wa mwani.
2. Kutawanya mafuta kwa kemikali. Kemikali hizo hugawa mafuta kuwa matone madogo. Katika ajali ya *Deepwater Horizon* zilitumika lita milioni 7 hivi. Faida yake kwa kasi ya uvunjaji bado hubishaniwa, na mafuta yaliyotawanywa karibu na matumbawe huweza kuyadhuru zaidi.
3. Kuongeza bakteria kutoka maabara. Mara nyingi bakteria wageni hushindwa na wenyeji waliozoea mahali hapo. Kinachokosekana kwa kawaida si bakteria, bali oksijeni na virutubisho.

Katika mikoko njia zote tatu zina mipaka. Kuingiza watu na mashine ndani ya matope huyazika mafuta zaidi na kuvunja mizizi. Kwa hiyo kinga bora ni kuzuia mafuta yasifike huko: vizuizi vya kuelea vilivyo tayari bandarini, watu waliofunzwa, na ramani za maeneo ya kulindwa kwanza.

## Bomba la Hoima hadi Tanga

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka eneo la Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani karibu na Tanga, ambako mafuta yamepangwa kupakiwa melini. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida, ndiyo sababu bomba limebuniwa kupashwa moto njia nzima.

Kwa mtazamo wa vijidudu, sifa hiyo ina pande mbili. Nta ni alkani, chakula ambacho bakteria wengi wanakiweza. Lakini mafuta yanayoganda kwenye nyuzi zinazokaribia 40 yatakuwa magumu katika maji ya Tanga, na mabonge hayagawanyiki kuwa matone. Mabonge hayo huweza kusafiri mbali na kutua ufukweni. Kwa upande mwingine, mafuta magumu hupenya matopeni kwa shida kuliko yale mepesi. Pwani hiyo ina mikoko, matumbawe na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009.

## Nje ya bahari

Kanuni zilezile hufanya kazi katika udongo na maji baridi. Mafuta yaendayo nyanda za juu na nchi jirani hupita kwa magari katika barabara kuu ya Makambako. Dizeli ikimwagika kando ya barabara, bakteria wa udongo huanza kuila. Udongo uliochafuliwa ukikusanywa, ukageuzwa mara kwa mara, ukatiwa unyevu na mbolea, husafika haraka zaidi, kama lundo la mboji linavyooza vizuri likigeuzwa. Ukishindiliwa na kujaa maji, kazi hukwama.

Wilaya ya Ludewa, yenye kata ya Lugarawa milimani, hushuka hadi Ziwa Nyasa. Maji ya ziwa hilo hayana oksijeni kabisa kuanzia kina cha mita 200 na kitu hadi chini, zaidi ya mita 700. Mafuta yakizama huko yangekuta hali inayofanana na ile ya matope ya mikoko.

## Dhana potofu

Mara nyingi husemwa kwamba bahari "hujisafisha yenyewe". Kauli hiyo ni kweli kwa sehemu. Vijidudu havizuii vifo vya ndege, samaki wachanga na mikoko katika siku za mwanzo, kwa sababu sumu hufanya kazi kwa saa na siku, wakati vijidudu vinahitaji wiki, miezi au miaka. Aidha utando kutoonekana juu ya maji si ushahidi kwamba mafuta yamevunjwa: yanaweza kuwa yametawanyika, yamezama, au yamefukiwa. Ushahidi hupatikana kwa kupima mashapo na kulinganisha hidrokaboni zinazovunjika kwa urahisi na zile zisizovunjika.

## Tazama pia

* Bakteria
* Mafuta ghafi
* Mikoko
* Uchafuzi wa bahari
* Ziwa Nyasa